Mharagwe Juu ya Kaburi la Mwongeli

Nianze na lile baya, kwa sababu nikianza na mengine nitazunguka mpaka jua lizame na sitalifikia. Nilipika mbegu ya mama mkwe wangu nikawalisha watu siku ya mazishi yake. Yote. Kibuyu kizima.

Ninyi wa mjini mtasema, kwani maharagwe si maharagwe tu? Si hivyo. Huku kwetu, chini ya Mbumbuni, mbegu ni mbegu na chakula ni chakula, hata kama vimetoka ganda moja. Mbegu hupakwa majivu, ikachanganywa na majani makavu ya mwarobaini yaliyopondwa, ikatiwa kibuyuni, na mdomo wa kibuyu ukazibwa kwa gunzi na mavi ya ng'ombe. Ukishaziba, hufungui mpaka mvua. Hata njaa ije na viti vyake ikae sebuleni, hufungui.

Mbegu yenyewe haikuwa na sura. Ndogo, rangi ya majivu, ina vidoadoa vyeusi, na ngumu kuiva utadhani unapika kokoto. Sokoni hakuna aliyeitaka. Jirani zetu waliiita mboso sya Mwongeli, maharagwe ya Mwongeli, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Aliolewa nayo kutoka ng'ambo ya mto Athi, upande wa Ikutha, imefungwa kwenye ncha ya leso.

Na Mwongeli alikuwa mtu wa kuchagua. Kila siku saa saba mchana, jua likiwa limewalaza mbwa na watu, yeye aliketi barazani, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, mkebe wa bati kando. Anaokota mbegu moja, anaigeuza, anaidondosha mkebeni. Ta. Nyingine. Ta. Isiyomfaa anawatupia kuku. Nilikaa na mlio huo miaka ishirini na miwili. Na chochote nilichochagua mimi, alikichagua upya! Nikimaliza ungo wangu anauvuta kwake bila neno, anaanza mwanzo, mbele ya wageni, mbele ya watoto wangu. Siku moja nilimwambia, "Mama, hata mimi nina macho." Akanijibu, "Macho unayo." Basi. Hakuongeza kitu, na maneno hayo mawili yalinikaa kooni mpaka anakufa.

Siku mbili kabla hajakata roho alinishika mkono. "Kibuyu ni chako sasa, Wavinya," akasema. "Mbegu si yako." Nikajibu ndio, mama. Moyoni nilisema, haki ya Mungu, hata kufa anakufa akinipimia.

Tulimzika mwanzo wa Oktoba, wiki tatu hivi kabla ya mvua, wakati maghala yote yanalia. Tulitazamia watu mia moja. Wifi yangu Syombua, binti ya marehemu, akaja kutoka Ikutha na basi zima la watu wa kanisa lake. Mahindi ya muthokoi, yale yanayopikwa pamoja na maharagwe, yalikuwepo, yamekobolewa tayari, lakini maharagwe yaliisha kabla ya kumaliza sufuria ya pili. Ningeweza kumtuma mtu sokoni. Kwa bodaboda ni dakika ishirini tu. Sikutuma. Niliingia ghalani, nikavunja kizibo cha kibuyu kwa mwiko, nikamwaga.

Nilipepeta nikiwa nimesimama, upesi upesi. Zilizokunjana nilizitupa pamoja na vijiwe juu ya rundo la udongo mwekundu ambapo wanaume walikuwa wakichimba kaburi, maana ndipo palipokuwa karibu. Niliosha mara tatu na maji bado yalikuwa ya kijivu. Nikatia sufuriani. Na wakati ninakoroga, nisiwadanganye, nilisikia utamu. Nilisema kimya, chagua sasa tuone.

Watu walikula. Mume wangu Kyule alikula kimya, machozi yakimdondokea sahanini. Alipomaliza akaninyooshea sahani akasema, "Niongeze." Nikamwongeza.

Jioni Syombua aliuliza mbegu iko wapi, nikasema fukusi wameingia kibuyuni wamemaliza. Uongo mdogo. Niliona umepita.

Siku ya tatu baada ya mazishi, nilikuwa jikoni. Saa saba. Nikasikia: ta.

Nikadhani kuku. Nikatoka, baraza ni tupu, kuku wote wamelala kivulini. Nikarudi. Ta. Ule ule mkebe wa bati, na mkebe wenyewe nilikuwa nimeufungia kabatini kwa mikono yangu. Sisi ni watu wa kanisa. Aimu, zile roho za wafu ambazo mababu waliziwekea chakula, tuliziacha na mababu wenyewe. Kwa hivyo nikakemea kwa jina la Yesu, kwa sauti, mkono juu. Pakanyamaza. Nikashusha pumzi. Ta. Ta.

Tangu siku hiyo saa saba ikifika nilifungulia redio mpaka mwisho na kujifungia jikoni. Kyule sikumwambia. Ningemwambia nini? Na yeye mchana alikuwa hakai nyumbani, alikuwa amejitia kazi ya kuchota maji mtoni kwa punda saa za jua kali. Nikamshukuru Mungu kwamba Kyule hayupo. Nilijiambia hii ni dhambi yangu inagonga kichwani, na ya kichwani hutubiwa ikaisha.

Mvua ikaja. Mliokuwepo mwaka huo mnaikumbuka, mvua ya kubeba madaraja. Tulipanda maharagwe mekundu ya sokoni, makubwa, ya kung'aa. Yalimea vizuri sana, watu wakanipongeza. Wiki ya nne nikaona doa la kahawia kwenye jani, lina pembe kama limekatwa kwa mkasi. Wiki ya tano kingo za majani zilikauka, zikazungukwa na rangi ya manjano. Nilipita katikati ya mistari nikatoka na sketi imejaa vumbi la kutu. Mwisho ugonjwa ukaingia kwenye maganda, vidonda vyeusi vilivyobonyea, na ukifungua ndani mbegu imeoza. Woi! Tulikaa chini tukatazama. Hata watu wa Kambu waliopanda mapema walilia. Mwongeli alipokuwa hai, mvua kama hizo zilitupitia na sisi tunakula.

Katikati ya Desemba akaja Bwana Nthiwa. Huyu ni mtu wa utafiti wa mbegu, mzee wa makamo mwenye miwani na kofia ya ukili. Miaka miwili nyuma alikuwa amepita shambani kwa Mwongeli na makaratasi yake, akitoa alama kila mstari, kuanzia moja mpaka tisa. Moja ni jani safi. Tisa ni matanga. Siku hiyo alisimama katikati ya maharagwe yangu mekundu akasema tu, "Tisa. Tisa. Nane. Tisa." Kisha akauliza, "Mama yuko wapi?"

Nikamwambia. Akavua kofia. Alipoivaa tena akauliza mbegu.

"Fukusi," nikasema.

Yule mtu alikaa chini. Hapo hapo, kwenye matope, na suruali yake ya ofisini.

"Mama Gedion," akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "mimi nilichukua kiganja kimoja tu. Nilizipanda zote mwezi wa kumi, karibu na mto, ili nipate nyingi. Mto umezibeba. Nilikuwa nakuja hapa kuomba zingine."

"Kwani zilikuwa na nini, Bwana Nthiwa? Zilikuwa hata haziivi."

"Hazishiki ugonjwa. Si dawa, mama, iko ndani ya mbegu yenyewe. Ugonjwa unabisha mlango, yenyewe haifungui. Nimetembea Makueni na Kitui yote nikitoa alama, na hiyo peke yake nilipatia mbili kwenye mvua. Ningeizalisha na hii nyekundu, watoto wangekuwa wekundu na wagumu, mkapanda ninyi na wajukuu wenu." Akaondoa miwani akaifuta. "Nahitaji hata mbegu moja. Moja tu, iliyo hai."

Alipoondoka ilikuwa karibu saa saba. Redio sikuifungulia. Niliposikia ta, nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya, niliufuata mlio. Niliogopa, sitaki kujifanya jasiri. Ulikuwa haupo barazani. Ulikuwa nyuma ya nyumba, upande wa ua wa mchongoma, na huko hakuna kitu ila kaburi. Tangu mvua ianze hakuna aliyefika huko. Magugu yalikuwa magotini.

Juu ya kaburi, umejizungusha kwenye msalaba wa mbao, ulikuwepo mharagwe mmoja.

Nikapiga magoti nikaugeuza jani kwa jani, juu na chini. Hauna doa. Hauna kutu. Shamba zima linanuka uozo hatua hamsini kutoka hapo, na huu uko kijani, umebeba maganda manane machanga. Nilijua umetoka wapi. Umetoka kwenye zile zilizokunjana, nilizozitupa mimi, zikafukiwa naye. Nililia mpaka nikatapika.

Nikampigia Bwana Nthiwa. Alipiga kelele kwenye simu. Kisha akanipa masharti: usiguse, usihamishe, ukiuhamisha utakufa. Subiri maganda yawe manjano na ukiyatikisa yalie. Wiki tatu, pengine nne.

Wiki tatu si kitu, nikasema. Sikujua Kyule ana lake. Siku tatu kabla ya Krismasi aliweka kikombe chini akasema, "Tarehe ishirini na nane tunaweka simiti kaburini. Syombua anakuja. Nimeongea na fundi Muindi."

"Simiti? Hata miezi mitatu haijaisha? Udongo haujakaa hata!" Kwetu kaburi husubiri mwaka lishuke kwanza, ndipo lijengewe. Kila mtu anajua, hata watoto.

"Nimesema."

"Baba Gedion, itapasuka yote."

"Ipasuke."

Huyu ni mtu ambaye hachinji kuku bila kuniuliza. Nikamwambia kuna mharagwe umeota pale, tungoje tu uive. Hakunitazama. "Cha kaburini hakiliwi," akasema. "Unataka watu waseme nini?" Nikasema Bwana Nthiwa anautaka kwa utafiti. Akasema Nthiwa atafute kwingine, mbegu za mama haziwezi kuwa zimeisha dunia nzima. Na hapo ndipo nilipofungwa, maana ili ajue kwamba zimeisha dunia nzima, ilibidi ajue nani amezimaliza.

Nikajaribu njia ya mwisho. Nikampigia Syombua nikamuuliza kama ana mbegu ya mamake.

"Ya nini? Si ilikuwa kwenye kibuyu?"

"Nilikwambia wifi, fukusi."

"Mama ametia mwarobaini miaka sitini na fukusi hawajawahi kuingia," akasema. "Wakangoja afe?"

Krismasi hiyo sikuonja chochote. Kila siku nilikwenda kuhesabu yale maganda manane. Yalijaa, yakavimba, lakini yalibaki kijani. Na saa saba mlio ulikuja, haukosi, na sasa ulikuwa wa haraka, kama mtu anayechagua kabla wageni hawajafika.

Tarehe ishirini na nane asubuhi Muindi alifika na karai zake. Mchanga ulikuwa umemwagwa, kokoto ziko tayari, Syombua amevaa leso mpya, na jirani watano wa kanisa wamekuja kuomba. Kyule alisimama mbali, mgongo kwa kaburi. Muindi akachanganya simiti, akatia maji, akachukua sepeto akasogea msalabani.

"Haya majani nayatoa, ama?" akauliza.

Nilikuwa nimeapa nitasema jambo la busara. Nilichofanya ni kujitupa. Nilikaa juu ya kaburi la mama mkwe wangu, mimi, mwanamke mzima wa kanisa, nimeukumbatia mharagwe na msalaba wake, nikapiga yowe.

"Mama Gedion, umeshikwa na nini?" jirani mmoja akauliza.

"Hazikuliwa na fukusi!" nikasema. "Mlikula ninyi! Nilivunja kibuyu siku ya mazishi nikazipika. Sufuria ya pili yote ilikuwa mbegu ya mama. Nilifanya kwa chuki, si kwa njaa. Na huu ndio uliobaki. Huu mmoja. Mkimwaga hiyo simiti, zimekwisha Makueni, zimekwisha Ikutha, zimekwisha."

Syombua alinijia polepole, nikadhani atanipiga, na ningekubali kupigwa.

"Ulitulisha kibuyu cha mama," akasema. "Nikala. Nikakushukuru. Wavinya, nilikushika mkono nikakwambia asante kwa kumpikia mama vizuri!"

"Ndiyo."

"Mungu akuone." Akaitema hiyo sentensi na mate juu. "Mungu akuone vizuri." Akaenda kukaa ndani ya gari, na hakutoka humo mpaka liliporudi Ikutha.

Nilimtazama Kyule. Nilingoja anifukuze. Alikuwa amegeuka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa anatazama kaburi, analitazama kwa muda mrefu sana, midomo inamcheza. Kisha akamwambia Muindi, "Peleka simiti kwenye banda la kuku. Sakafu yake imeharibika."

"Na kaburi?"

"Liache hivyo lilivyo."

Hakunigombeza. Siku hiyo, wala kesho yake, wala wiki nzima. Alinisalimu, alikula, alilala. Mimi ndiye niliyetaka kugombezwa. Kanisani wanawake walinisogezea benchi nikakaa peke yangu, na hilo nilielewa, lakini kimya cha mume wangu sikukielewa.

Tarehe kumi ya Januari maganda yalilia nilipoyatikisa. Kyule alileta vigoda viwili nyuma ya nyumba, mwenyewe, bila kuitwa. Tukaketi tukapukuchua. Hayakuwa manane, mawili mengine yalikuwa yamejificha chini ya majani. Mbegu arobaini na tatu, za majivu, vidoa vyeusi, hakuna hata moja iliyooza. Bwana Nthiwa alikuwa njiani kuja kuchukua ishirini.

"Nilijua," Kyule akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile. Kijiko cha kwanza." Alikuwa anazungusha mbegu moja kwenye kiganja. "Mwaka wa njaa kuu, themanini na nne, Mama alivunja kibuyu akatupikia, akabakisha konzi moja. Syombua alikuwa mdogo, hakumbuki. Mimi nilikuwa na miaka saba. Ule uchungu wa mwarobaini hautoki hata uoshe namna gani. Nilipotia mdomoni nilijua ni mbegu. Sufuria ilikuwa imejaa bado. Ningesema, tungeokoa hata zilizobaki kwenye sakafu ya ghala, tungefanya kitu."

"Ukaniomba nikuongeze."

"Ilikuwa ladha yake. Nilikuwa namtaka, Wavinya. Nilitaka kumla mzima nisimwachie mtu." Alifuta uso kwa mkono mchafu. "Kwa hivyo usikae peke yako na hilo. Ile sahani ya pili ni yangu."

Nililia, na nikajisikia mwepesi, nitasema ukweli, mwepesi kama sijawa tangu Oktoba. Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa na haraka vile ya kujengea, na udongo haujashuka.

Aliangalia jua liko wapi.

"Nilidhani simiti itamnyamazisha," akasema.

Mikono yangu ilisimama. "Itamnyamazisha nani?"

"Wewe huwa unafungulia redio," akasema. "Mimi huenda mtoni. Punda mwenyewe amechoka, mapipa yote yamejaa, na bado naenda."

Miezi mitatu nilikuwa nimejishika kwenye kitu kimoja, kwamba mlio ule uko kichwani mwangu na mimi nikitubu utaisha. Nilikuwa nimetubu. Nilikuwa nimetubu mbele ya fundi na jirani na Mungu, na saa saba ya kesho yake ulikuja vile vile, na nilijiambia kichwa huchukua muda kupona. Sasa vichwa vilikuwa viwili.

"Tumwite Muindi tena," nikasema. "Mbegu tumeshazipata. Aje hata leo."

Kyule alitikisa kichwa. "Na hizi zikifa? Mto ulibeba za Nthiwa zote. Maganda mengine yalikuwa yameanza kupasuka, mbegu kadhaa zimedondokea mle udongoni. Zikifa hizi, ni pale tutarudi kutafuta. Mahali pengine hakuna."

Nikatazama ule udongo mwekundu. Alisema kweli, na nilimchukia kwa kusema kweli.

"Basi liko wazi mpaka lini?"

"Mpaka tusipolihitaji tena."

Akafunga mbegu ishirini kwenye karatasi ya Bwana Nthiwa na zetu kwenye ncha ya leso yangu. Ilikuwa saa saba kasoro kidogo. Hakuondoka kwenda mtoni, nami sikuondoka kwenda jikoni. Niliogopa kuliko siku ile ya kwanza niliyousikia mlio, nikasogeza kigoda changu kwake, kwa maana hakukuwa na mtu mwingine wa kumsogelea.